Ufa kwenye Mguu wa Kengele

Karakana ya Fundi ilikuwa mbele ya nyumba yake, chini ya paa la mabati. Alitengeneza baiskeli. Alikuwa na benchi moja, pampu moja, na misumari mingi ukutani. Kila msumari ulining'iniza tyubu kuukuu za baiskeli. Fundi hakutupa tyubu hata siku moja. Tyubu iliyotoboka mara kumi bado ilikuwa kamba, bado ilikuwa bawaba ya mlango, bado ilikuwa mshikio wa ndoo. Mkewe alisema iko siku atarudi kutoka kazini akute watoto wamevishwa tyubu. Alisema kwa utani.

Watoto walikuwa wawili, wote wasichana. Majina yao ya utani yalitoka karakana. Mkubwa, mwenye miaka kumi na sita, aliitwa Kengele. Tangu ajue kutembea alikimbia huku akipiga kelele watu wampishe. Mdogo, mwenye miaka kumi na miwili, aliitwa Breki. Ukimtuma Breki chumvi, chakula kitaliwa bila chumvi.

Mlangoni Fundi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Alipenda sana methali hiyo. Alimsomea kila mteja aliyechelewa kuleta baiskeli yake. Nawe msomaji ishike kichwani, maana mwenyewe aliisahau siku aliyoihitaji.

Kengele alikuwa mkimbiaji wa mita elfu tatu. Shuleni hakuna aliyemfikia. Mwaka ule zilitangazwa mbio za mchujo. Wawili wa kwanza wangeingia timu ya vijana ya taifa. Zilipobaki wiki tano, kocha alizidisha mazoezi. Mizunguko kumi ya uwanja kwa siku ikawa ishirini, ndani ya wiki moja. Kengele naye alikuwa na lake la siri. Kwa miezi mitano alikuwa anakula nusu sahani, akiamini kwamba mwili mwepesi hukimbia zaidi. Nusu iliyobaki alimpa Breki, na Breki hakuuliza maswali.

Wiki ya pili mguu wa kulia ukaanza kuuma. Uliuma mahali pamoja tu, katikati ya ugoko, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Mwanzoni uliuma mwisho wa mazoezi. Kisha ukawa unauma tangu mzunguko wa kwanza. Kisha ukauma akipanda ngazi za shule. Wiki ya nne ukawa unauma hata akiwa amelala. Kengele alimeza vidonge ambavyo mama yake aliviweka kabatini kwa ajili ya kichwa, akaendelea kukimbia.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu anayesema anaumwa huwekwa pembeni. Akiwekwa pembeni, mwenzake anachukua nafasi. Watoto wengi wa michezo wanawaza hivyo. Ni mawazo mabaya, lakini sisi watu wazima ndio tuliowatia.

Jumatatu ya wiki ya mchujo, jirani yao alikuja karakana akisukuma baiskeli. Alikuwa nesi wa kliniki ya mtaa.

"Fundi, hii baiskeli inalia. Nikikanyaga pedeli tu, kwii, kwii! Itie mafuta haraka nisichelewe kazini."

Fundi hakutia mafuta. Aliilaza baiskeli, akapitisha kidole kwenye fremu polepole. Akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akaikausha, kisha akaipaka unga wa chaki. Wakasubiri. Muda si mrefu mstari mwembamba mweusi ukatokea kwenye chaki, karibu na pedeli. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya chuma, na sasa yalikuwa yanatoka.

"Unaona, dada? Ufa."

"Huo? Mbona ni kama unywele!"

"Leo ni unywele. Kesho fremu inakatika, na wewe uko katikati ya barabara."

"Basi nifike kazini tu. Jioni nakuletea."

"Hapana. Ufa hauponi kwa kuendeshwa. Hii inalala hapa mpaka niichomee."

"Na mimi nifanyeje?"

"Si una miguu?"

Nesi akasonya, kisha akacheka, akaondoka kwa miguu. Fundi alimjua kwa ubishi. Akaiingiza baiskeli ndani na kuitia kufuli.

Alasiri ya siku hiyohiyo Kengele alirudi kutoka mazoezini. Alikuwa anachechemea. Alimkuta baba yake benchini.

"Una nini?"

"Hapa tu, baba." Akaonyesha kwa kidole kimoja.

Fundi akabonyeza. Kengele akaruka kwa maumivu. Palikuwa pamevimba kidogo, kama punje ya haragwe chini ya ngozi.

Hapo ndipo ninapomkasirikia Fundi. Kidole kimoja, mahali pamoja, na uvimbe! Mtaa mzima hakuna aliyejua kutafuta ufa kama yeye. Chaki ilikuwa bado iko vidoleni mwake. Lakini Jumamosi ilikuwa mchujo, na tayari alikuwa ameshawaambia wateja wake wote kwamba binti yake atavaa jezi ya taifa.

"Ni misuli hiyo," alisema. "Imelegea. Inataka kubanwa."

Akachukua tyubu ukutani, akaikata utepe mrefu. Akauzungusha mguuni kwa Kengele, akiuvuta kwa nguvu kila mzunguko. Akafunga fundo.

"Sasa vipi?"

"Afadhali, baba. Sisikii sana."

Kweli hakusikia sana. Mguu ukibanwa unakufa ganzi, na ganzi siyo kupona.

Mama alifika muda huo kutoka kwa dobi, alikopiga pasi kutwa nzima. Alisimama mlangoni akiwa bado na mkoba begani.

"Baba Kengele, huyo ni mtoto, siyo gurudumu."

"Siku tano tu, Mama Kengele. Akishapita mchujo atapumzika hata mwezi."

"Na akipumzika sasa?"

"Akipumzika sasa, miaka mitatu ya mazoezi imekwenda na maji."

Mama alinyamaza. Alikuwa amechoka, na Kengele mwenyewe alikuwa anamwomba kwa macho asiseme neno. Ukimya huo aliujutia muda mrefu.

Jumatano nesi alikuja kuchukua baiskeli yake. Akamwona Kengele amekaa kizingitini, na ule mpira mweusi mguuni.

"Hii nini tena?"

"Baba amenifunga, shangazi."

Nesi akachuchumaa. Akaufungua utepe. Ngozi chini yake ilikuwa na mistari myekundu. Akaugusa ule uvimbe, akakunja uso.

"Simama. Ruka kwa mguu huohuo mmoja, mara tatu."

Kengele alimtazama baba yake. Kisha akaruka. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa anatabasamu, lakini jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Hauumi?"

"Hauumi, shangazi."

"Mimi unaweza kunidanganya. Mfupa huwezi." Nesi akasimama. "Fundi, asikimbie huyu. Mlete kliniki kesho apigwe picha ya mfupa."

"Umeona mwenyewe ameruka, dada. Jumatatu nitamleta, mchujo ukishapita."

Nesi alitaka kubishana zaidi, lakini wagonjwa walikuwa wanamsubiri. Akapanda baiskeli yake iliyochomewa vizuri, akaenda. Fundi akaufunga utepe upya.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mbio zilianza saa nne kasoro asubuhi. Mpaka mzunguko wa sita Kengele alikuwa wa pili. Fundi alishika uzio na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kengele alipoingia kwenye kona, waliokuwa karibu walisikia mlio, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Alipiga hatua moja zaidi. Mguu ukapinda mahali pasipo na goti. Akaanguka kifudifudi.

Fundi aliruka uzio. Mfukoni alikuwa na tepe mbili za tyubu, za akiba. Akamkuta kocha ameshapiga magoti.

"Usimguse, Fundi. Watu wa huduma ya kwanza wanakuja."

"Nisubiri nini? Mtoto anakufa!"

Akamfunga. Alizungusha tepe zile juu ya ule wa kwanza, akakaza kwa nguvu zake zote, kama anafunga mzigo kwenye keria. Watu wa huduma ya kwanza walipofika walikuta kazi imekwisha, na baba mtu hataki kusikia la mtu. Gari nalo lilichelewa kupatikana, na hospitali ilikuwa mbali.

Kwa saa nzima ya kwanza Kengele alilia. Alisema mguu unapasuka. Alisema, "Baba, legeza." Fundi alisema, "Vumilia, mwanangu, ndiyo dawa yenyewe." Baadaye Kengele akaacha kulia. Akasema hausikii tena mguu. Fundi akashukuru. Ndani ya gari, mama aliyekuwa ameipakata miguu ya Kengele akashika vidole vyake.

"Baba Kengele," alisema. "Mbona ni vya baridi?"

Hospitalini daktari alizikata zile tepe kwa mkasi. Mguu ulikuwa umevimba na kuwa mgumu, na wayo ulikuwa umepauka.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na nusu. Aliita wenzake, wakamkimbiza Kengele kwenye chumba cha upasuaji.

Daktari alitoka jioni. Aliwaeleza wazazi wakiwa wamesimama, maana hawakuweza kukaa.

"Mfupa tumeutia chuma, utaunga. Ilibidi tuipasue ngozi pande mbili, ili nyama iliyovimba ipate nafasi na damu ipite. Mguu tumeuokoa. Lakini misuli na mishipa ya fahamu ilikaa bila damu muda mrefu. Sijui kama ataweza tena kuinua wayo wake."

"Atakimbia?" aliuliza Fundi.

"Mzee, ninazungumzia kutembea."

Siku ya tatu nesi alikuja kumwona mgonjwa. Alikaa naye peke yake kwa muda mrefu. Kisha akatoka akaketi na wazazi kwenye benchi la nje.

"Ilikuwaje, dada?" aliuliza mama. "Mtoto hakugongwa na kitu. Mfupa unavunjikaje wenyewe?"

"Haukuvunjika siku moja. Mfupa ni kitu hai. Ukikimbia, unaumia kidogo kidogo. Ukipumzika na kula vizuri, mwili unaziba palipoumia. Ukizidisha mbio ghafla, kuumia kunashinda kuziba. Ndipo ufa unapoanza."

"Dalili yake ni nini?"

"Maumivu ya mahali pamoja. Mtoto anaonyesha kwa kidole kimoja. Kila wiki yanaanza mapema zaidi, mwisho yanamfuata mpaka kitandani. Akiruka kwa mguu huo, unamchoma. Vidonge vinaficha maumivu tu. Ufa uko palepale." Nesi akashusha sauti. "Na kuna jingine. Kengele ameniruhusu niwaambie. Alikuwa anakula nusu sahani. Hajapata hedhi miezi minne."

Mama akaweka mkono mdomoni. "Miezi minne! Mbona hakuniambia?"

"Alifurahi. Alidhani ni dalili ya mazoezi mazuri. Msichana anayekimbia sana akikosa hedhi, mwili unalia njaa. Na mifupa inadhoofika."

Fundi akauliza bila kuinua uso.

"Na tyubu?"

"Mguu uliovunjika huvimba, Fundi. Ukiubana kwa mpira, uvimbe unakosa pa kwenda, na damu inakosa njia. Mguu uliovunjika haunyooshwi wala haubanwi. Unauacha ulivyo. Unauegemeza kitu kigumu, kama ubao. Unafunga kwa kitambaa juu na chini ya palipovunjika, kidole kiweze kupita. Halafu unaangalia vidole. Vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, unalegeza palepale. Anayesema 'legeza' anasikilizwa."

"Ungenikataza, dada."

"Nilikukataza. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwanza. Ufa hauponi kwa kuendeshwa. Siyo maneno yako?" Nesi naye machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Baiskeli yangu uliitia kufuli, Fundi. Baiskeli! Na mimi nikaichukua nikaenda zangu, nikamwacha mtoto. Nilipaswa kukaa pale mlangoni mpaka ukubali."

Fundi alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu waliopita na vyakula vya wagonjwa wao, na hakujali.

Kengele alirudi nyumbani kwa magongo baada ya wiki tano. Wayo wa kulia ulikuwa unaning'inia. Ili usiburute chini, alilazimika kuinua goti juu, kama mtu anayevuka maji. Fundi alikuwa ameng'oa tyubu zote ukutani na kuzipeleka jalalani. Alimkuta bintiye amekaa kizingitini.

"Nisamehe, mwanangu."

Kengele hakugeuka. "Kwa nini hukunikataza, baba?"

"Wewe mwenyewe ulitaka kukimbia."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Wewe ulikuwa na arobaini na mitatu."

Fundi akachuchumaa kando yake.

"Nisamehe," alirudia.

"Sijui. Kesho niulize tena."

Akamwuliza kesho yake. Akamwuliza na keshokutwa. Siku ya tisa Kengele alisema, "Niletee chai kwanza." Fundi alikimbilia jikoni, akamwaga nusu njiani.

Mwaka ukapita. Mguu wa Kengele haukurudi. Aliacha magongo, lakini kuchechemea hakukuacha, na mbio zake ziliishia kwenye ile kona. Kocha naye alibadilika. Alipandisha mizunguko kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Kila jioni aliuliza watoto mmoja mmoja nani anaumwa na wapi. Aliwaahidi jambo moja, na akalitimiza: anayesema anaumwa hapotezi nafasi yake kwenye timu.

Breki sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikimbia. Hakuwa na kasi ya dada yake. Alikuwa na ukaidi tu. Asubuhi moja ya likizo alikuja kukaa karibu na Kengele, akakuna goti.

"Dada. Ugoko unaniuma."

"Onyesha. Kidole kimoja."

Breki akaonyesha. Kengele akaita kwa ile sauti yake ya zamani ya kupisha watu njiani.

"Baba! Njoo sasa hivi!"

Fundi alikuja na spana mkononi. Alimtazama Breki, akatazama kile kidole. Hakugusa mguu. Aliweka spana chini, akawaambia wateja wawili waliokuwepo warudi kesho, akafunga karakana saa nne asubuhi. Hakuwahi kufanya hivyo. Akampakia Breki kwenye keria, akampeleka kwa nesi.

Picha haikuonyesha kitu.

"Basi ni mzima?" aliuliza Fundi.

"Hapana. Ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye picha za mwanzo. Maumivu yake yanatutosha kuanzia. Wiki nane bila kukimbia. Akitembea bila maumivu, aanze polepole, siku moja moja. Na ale sahani nzima."

Kwa upande wa sahani nzima, Breki hakuleta taabu.

Taabu ilikuja wiki ya tano. Mguu uliacha kuuma, na Jumamosi kulikuwa na mashindano ya shule. Breki akalia na kubembeleza. "Baba, siumwi tena! Tazama, naruka!" Akaruka mara tatu, anatabasamu.

Fundi alitazama lile tabasamu. Alikuwa ameshaliona. Aliingia ndani, akachukua viatu vya Breki vya kukimbilia, akavifungia kabatini kwa kufuli. Ni lile kufuli alilofungia baiskeli ya nesi. Ufunguo akampa Kengele.

"Nakuchukia!" alisema Breki.

"Najua," alisema Fundi. "Zimebaki wiki tatu."

Breki alirudi mazoezini wiki ya tisa. Miezi minne baadaye alishiriki mashindano yake ya kwanza. Fundi, mama na Kengele walisimama kwenye uzio, karibu na ile kona. Kila Breki alipopita hapo, mama alifumba macho. Breki alimaliza wa tano.

Alikuja amenuna, anahema. "Wa tano!"

"Unaumwa popote?" aliuliza Kengele.

"Hapana."

Kengele akainama. Akabonyeza ugoko wa mdogo wake kwa kidole, kwa nguvu, toka juu mpaka chini. Breki hakuruka.

"Haya," alisema Kengele. "Twende nyumbani."

Wakaondoka kwa miguu, wote wanne. Breki alitangulia hatua chache, akageuka, akamwona dada yake anavyoinua goti. Akapunguza mwendo, akamsubiri.